Kukandwa kunapunguza msongo kweli, au ni starehe ya wenye hela?

FundiWaMsamvu

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34 na watoto wawili. Tangu katikati ya Novemba nashona sare za shule. Fundi mwenzangu anajua msimu huu ulivyo: shule zikikaribia kufungua, mzazi hataki kusikia habari ya cherehani kuharibika. Nakaa kwenye kigoda saa 12 asubuhi, nainuka saa 3 usiku.

Shingo imekakamaa upande wa kulia. Mteja akinisalimia kutoka mlangoni inabidi nigeuke mwili mzima. Hapa kati ya shingo na bega kuna kifundo kigumu kama kokwa la ubuyu, nikikibonyeza maumivu yanapanda mpaka nyuma ya jicho. Usiku ndiyo mbaya zaidi. Nalala saa 5, ikifika saa 8 nimeshashtuka, moyo unakwenda mbio, nahesabu marejesho. Mwezi wa tisa nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ninunue mashine ya ovaloki, na hela yao wanaitaka kila wiki. Sitalieleza sana hilo, mnaolijua mnalijua.

Nilienda zahanati. Presha ilikuwa 138 kwa 88, wakaniambia imepanda kidogo nirudi kupima, wakanipa diklofenaki na kusema nipunguze mawazo. Sikujua nayapunguzaje.

Sasa mteja wangu mmoja, mwalimu, ameniambia niende masaji, yeye ilimsaidia. Nikauliza kwenye hoteli moja hapa mjini, wanataka 50,000 kwa saa. Hiyo ni hela ya chakula nyumbani kwangu wiki nzima. Halafu mume wangu neno lenyewe halipendi. Ukisema unakwenda masaji watu wanakuangalia vingine.

Naomba mnaojua mniambie ukweli. Inasaidia msongo na afya kweli, au mtu anajisikia vizuri siku hiyo tu? Na kwa mtu wa hali yangu, pana namna yoyote?

BintiWete

Marahaba mdogo wangu. Mie ni Mpemba, nina miaka 47, na mikono hii ndiyo iliyonisomeshea watoto. Mwaka wa 16 huu nakanda watu. Miaka mingi nilikuwa kwenye hoteli za Paje na Jambiani, sasa nakanda nyumbani kwangu Fuoni, wanawake tu. Umeuliza jambo ambalo nalijali sana, kwa hivyo nivumilie nikiandika marefu.

Nianze na mumeo, maana hana kosa. Neno limechafuliwa na watu wenye biashara zao nyengine. Lakini kazi yenyewe ni yetu, haikuja na watalii. Kwetu mtoto mchanga anakandwa kwa mafuta ya nazi, ananyooshwa mikono na miguu kila asubuhi. Mama yake naye anakandwa. Bi harusi anasingwa kwa singo na liwa mpaka ngozi inateleza. Halafu basi. Mwanamke akishamaliza kuzaa hakuna tena mtu wa kumwekea mkono mgongoni mpaka siku anayooshwa kupelekwa kaburini. Nimewakanda wanawake wa miaka 50 na zaidi ambao nilipowawekea viganja viwili tu mgongoni, bado sijakanda kitu, machozi yakawatoka. Hawakuwa wameumia. Mwambie mumeo hivyo, mwambie ni kukandwa kule kule alikokandwa yeye na mama yake.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenifunza. Akipika mafuta yake mwenyewe, anachemsha tui mpaka mafuta yajitenge, anatia karafuu chache, anaacha yapoe. Nilipokwenda kusoma ili niajiriwe hotelini, mwalimu akatufundisha masaji ya Kiswidi na majina yake ya Kifaransa: effleurage, petrissage. Akatwambia habari za Pehr Henrik Ling, aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, na za daktari wa Kiholanzi, Johan Georg Mezger, aliyezipanga mbinu zenyewe kwa majina hayo. Mie nikawa naangalia mikono ya mwalimu nasema moyoni, hii ni kupapasa, hii ni kukanda, hii ni kuchua. Bibi alikuwa nazo zote. Tofauti ni kwamba bibi alikwenda polepole zaidi.

Sasa hilo la msongo. Nitakwambia ninachokiona, kwa sababu nakiona kila siku. Mtu mwenye mawazo ukimlaza kifudifudi, mabega yake hayalali. Yamepanda kuelekea masikioni kama mtu anayesikia baridi. Unamshika mkono, unaunyanyua, unamwambia uachie. Anasema nimeuachia. Lakini ukitoa mikono yako ule mkono unabaki hewani, kumbe muda wote anakusaidia kuubeba na wala hajui. Hapo ndipo ninapompimia mtu. Naanza mgongoni, viganja vizima, mafuta ya vuguvugu, sina haraka. Inapofika dakika ya 15, ya 18 hivi, pumzi inahama kifuani inashuka tumboni. Tumbo linaanza kunguruma, wengine wanaona haya wananiomba radhi. Mie nalifurahia hilo ngurumo kuliko kitu chochote, maana mwili wenye hofu unapunguza kusaga chakula, ukitulia ndiyo unarudia kazi yake. Nikiunyanyua tena ule mkono, unakuwa mzito kama gunia lenye maji. Ameuachia.

Ndiyo faida yake hiyo, mdogo wangu. Deni liko pale pale. Wale watu wa wiki kwa wiki watakuja tu. Lakini mwili uliokuwa umejikaza miezi mitatu unakumbuka kwamba kuachia kunawezekana, na ukishakumbuka unaweza kulala.

Na yale ambayo hayafanyiki niyaseme pia. Utaambiwa masaji inatoa sumu mwilini. Mie mwenyewe nilifundishwa hivyo na nikawaambia wageni hivyo kwa miaka mitatu, na najuta. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, mikono yangu haifiki huko. Utaambiwa lazima uumie ndiyo ipone. Si kweli. Na mtu akitaka kukuzungusha shingo mpaka ilie, mkatalie. Niliwahi kufanyiwa na kijana mmoja saluni, nikakaa siku mbili nyumba inazunguka.

Mkandaji mzuri utamjua kabla hajakugusa. Atakuuliza una mimba, umefanyiwa upasuaji, unatumia dawa gani, unaumwa wapi, unataka mkono mzito au mwepesi. Atakwambia kipi utavua na kipi utabaki nacho, na kanga itakuwepo. Asiyeuliza kitu, inuka uondoke.

MsukaniWaTunduma

Bi Wete umesema vyema sana kuhusu kuulizwa kwanza. Mimi naendesha lori Dar kwenda Tunduma na wakati mwingine navuka mpaka Zambia. Mwaka juzi tulikaa foleni ya mpakani siku nne, nalala kwenye kiti, nashuka kidogo tu. Niliporudi nyumbani shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba, lina joto, linavuta. Nikajua ni uchovu. Nikampa mke wangu chupa ya mafuta nikamwambia nichue kwa nguvu.

Aliushika mguu akaulinganisha na mwenzake. Akaniambia baba Neema, huu mmoja una moto na mwingine hauna, sikuchui. Tukagombana. Mwishowe tukaenda hospitali, wakapima kwa altrasaundi: damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Daktari akaniambia ningechuliwa, lile donge lingeweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu. Nilitumia dawa za kuyeyusha damu miezi mitatu.

Madereva wenzangu, na nyie mafundi mnaokaa siku nzima: mguu mmoja ukivimba na kupata joto, usikandwe. Nenda kapime kwanza. Mke wangu hakusomea udaktari, alitazama tu kabla ya kuchua.

ViunguMoshi

Kaka, mkeo alikuokoa. Kwa faida ya wengine, dawa zile haziyeyushi donge lenyewe, zinazuia lisikue wakati mwili unalimaliza taratibu. Na anayezitumia anachubuka kirahisi, kwa hiyo akikandwa iwe mkono mwepesi na daktari wake awe anajua.

Dada Fundi, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Moshi. Niongeze upande wa utafiti, kwa sababu uliomba ukweli.

Kuna utafiti wa mwaka 2011 uliofanyika Seattle, Marekani, kwa watu 401 waliokuwa na maumivu sugu ya chini ya mgongo. Kundi moja lilikandwa kwa ufundi wa kulenga misuli yenye shida, la pili lilikandwa kawaida tu kwa ajili ya kutulia, mara moja kwa wiki kwa wiki 10. La tatu liliendelea na matibabu yake ya kawaida. Waliokandwa walipata nafuu kuliko wasiokandwa, na baada ya miezi sita nafuu ilikuwa bado ipo, ingawa ilipofika mwaka kilichobaki kilikuwa kidogo. Kinachonivutia mimi ni kwamba hayo makundi mawili ya kukandwa hayakutofautiana kwa maana yoyote. Huyu aliyepapaswa kwa utulivu alipata nafuu sawa na yule aliyebonyezwa kitaalamu. Ndiyo maana sishangai Bi Wete anapomsifia bibi yake. Ngozi yetu ina neva nyembamba zinazoitika zaidi mguso wa polepole, kiasi cha sentimita 1 mpaka 10 kwa sekunde, na hizo zinahusishwa na hisia ya mguso wa kupendeza.

Kuhusu msongo: kukandwa mara moja kunashusha wasiwasi wa wakati ule, mapigo ya moyo na presha kwa muda mfupi. Kukandwa mara nyingi kunasaidia zaidi wale wenye wasiwasi wa kudumu na huzuni. Ila yale maneno kwamba masaji inashusha kotisoli, homoni ya msongo, kwa kiwango kikubwa, watafiti waliyapitia mwaka huo huo wa 2011 wakakuta inaposhuka inashuka kidogo mno. Utulivu ni wa kweli, lakini njia yake si hiyo inayotangazwa. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023 wa maumivu sugu ya mgongo, limeweka kukandwa kati ya tiba zinazofaa, pamoja na mazoezi na elimu.

Sasa mambo mawili yako wewe. La kwanza, diklofenaki. Ukiimeza muda mrefu inaweza kupandisha presha, na yako tayari iko juu, kwa hiyo rudi zahanati uwaambie umeimeza siku ngapi. La pili, kigoda. Hata ukikandwa kila siku na Bi Wete mwenyewe, ukirudi kukaa mahali palepale kifundo kitarudi. Kaa kama unashona, angalia viwiko vyako. Kama viko juu sana ya meza ya cherehani, unainama. Kama viko chini yake, unabeba mabega siku nzima. Viwiko na meza vilingane. Na kila ukimaliza sare moja, simama, zungusha mabega nyuma mara kumi.

Ukiona mkono unakufa ganzi, au unaishiwa nguvu mpaka mkasi unakudondoka, usingoje mtu wa kukukanda. Nenda hospitali.

FundiWaMsamvu

Nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea mume wangu ile ya Bi Wete. Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Kwani wewe unataka nikukande?" Ni fundi ujenzi, mikono yake kama msasa, lakini amekubali. Nimejipima viwiko: meza iko juu, nimekuwa nabeba mabega muda wote huu. Bi Wete, tuanzie wapi? Na karafuu nitie?

BintiWete

Mwenyezi Mungu ampe kheri. Mikono migumu haidhuru, ndiyo maana kuna mafuta.

Chukua mafuta ya nazi, tia kwenye chupa ndogo, uitie chupa kwenye bakuli la maji ya moto mpaka yawe vuguvugu. Ya karafuu, yale yanayokamuliwa kwetu Pemba kwenye kiwanda cha Makonyo, ni makali. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, matone mawili tu ya karafuu. Usizidishe, yanachoma ngozi. Yakikuwasha, tumia nazi peke yake, ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Kaa kwenye kiti umekigeukia, kifua kwenye egemeo, mto katikati, kichwa ukilaze juu ya mikono. Yeye asimame nyuma. Aweke viganja vyote viwili mabegani, asifanye kitu. Wewe vuta pumzi tatu, nne. Kisha ateleze kutoka chini ya kisogo kwenda mabegani na kushuka mpaka kwenye mabawa ya mgongo, anarudi, polepole, dakika tano za hivyo tu. Ngozi ikishapata moto ndiyo aukamate ule msuli wa juu ya bega, kama unavyobeba donge la unga wa chapati: vidole mbele, kiganja nyuma, auinue, asiufinye. Akikikuta kifundo aweke kidole gumba juu yake atulie nacho, wewe unapumua, mpaka ukisikie kinalegea. Asikisugue. Maumivu yakikufanya uzuie pumzi, amezidisha, mwambie.

Asibonyeze uti wa mgongo wenyewe, na mbele ya shingo asipaguse. Dakika 20 zinatosha. Mara mbili kwa wiki, wakati ambao watoto wamelala na simu iko mbali, hasa siku ya kuamkia rejesho.

Akiwa safarini kazini, tia mpira mdogo wa watoto kwenye soksi, usimame na ukuta, uuegemee kwa kile kifundo.

FundiWaMsamvu

Wapendwa, ni tarehe 19 Januari, nimeona si vizuri kunyamaza.

Sare zimeisha. Badala ya meza kuishusha tumeinua kiti, mume wangu ameniundia benchi la mbao na kipande cha tofali cha kuwekea mguu wa kushoto. Tumekandana mara tisa, nahesabu. Mara ya kwanza na ya pili sikuona kitu zaidi ya kunukia nazi. Mara ya tatu alininyanyua mkono kama Bi Wete alivyoeleza, nikaambiwa umebaki hewani. Mara ya sita ukadondoka, hata mimi nilishtuka. Tumbo nalo likanguruma.

Shingo inageuka, si yote, lakini mlango nauona. Nashtuka usiku bado, mara nyingi saa 10 badala ya saa 8, na nikishtuka najua cha kufanya, nashusha mabega, naachia taya, kuna siku narudi kulala. Diklofenaki nimeacha kwa ushauri wa zahanati. Presha juzi ilikuwa 128 kwa 82. Marejesho yamebaki mawili.

Mama yangu alikuja kwa sikukuu kutoka Kilosa, ana miaka 63. Jioni moja nikamwomba nimkande mgongo. Akasema ana vumbi la safari, nisijisumbue. Nikamkanda hivyo hivyo. Alilala pale pale kwenye mkeka, tukamfunika kanga. Sasa anataka nimkande na miguu, ila ana sukari mwaka wa nane, na nyayo zinakufa ganzi. Nimkande au niache?

BintiWete

Alhamdulillah. Mkande, lakini kwanza mkalishe kwenye mwanga uitazame miguu, chini ya nyayo na kati ya vidole. Ukiona kidonda, lengelenge au pekundu penye joto, usipake kitu, mpeleke hospitali kesho yake asubuhi. Kama ni salama, maji ya moto usimwekee kabisa, hatayasikia yakimuunguza. Mafuta yajaribu kwenye kiwiko chako, yasizidi vuguvugu, wala usitie karafuu. Viganja vizima, kutoka vidoleni kupanda kwenye shavu la mguu, mkono mwepesi. Kati ya vidole pakaushe, usipake mafuta. Na umwambie akuambie anaposikia na asiposikia, ili akienda kliniki mjue pa kuwaonyesha.